Majina ya Mitaa ya Dar es Salaam na Mafundisho Yake

Husemwa mara kwa mara ya kwamba mjini hakuna desturi. Watu wa bara huuona mji kuwa mkusanyiko wa wageni, ambao kila mmoja ameziacha mila zake kwao, na maneno yao ni mchanganyiko usio na asili. Sisi twaona ya kuwa neno hili si kweli. Mji nao una mapokeo yake, na mahali pa kwanza pa kuyatafuta ni katika majina ya mitaa, ambayo hutamkwa kila siku na watu wengi wasiofikiri maana yake.

Katika maelezo haya twataka kuyatazama majina ya Dar es Salaam, mji ulio mkubwa kuliko yote katika Tanzania, ambao mkoa wake ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Tutaonyesha kwanza jinsi majina hayo yalivyoundwa kwa kufuata sarufi ya Kiswahili. Kisha tutaonyesha ya kuwa majina hayo ni ushuhuda, na ya kuwa mtu asiyeujali ushuhuda huo aweza kupata hasara, hata hasara ya nyumba na ya uhai.

1. Majina ya wakubwa na majina ya watu

Kabla ya mji palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga karibu na kijiji hicho, akaupa mji wake jina la Kiarabu. Wengi hulifasiri jina hilo "Bandari ya Salama", na kwa hakika bandari yenyewe ni salama, kwa kuwa mlango wake ni mwembamba na maji ya ndani yametulia. Lakini neno dar katika Kiarabu maana yake ni nyumba au makao, wala si bandari. Basi tafsiri iliyo sawa ni "Makao ya Amani". Majid alikufa mwaka 1870 na kazi yake ikasimama. Wadachi walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya mji huu kuwa makao makuu ya serikali yao badala ya Bagamoyo. Jina la Sultani likabaki. Wenyeji wa leo hulikata wakasema "Dar" tu, na kwa mzaha huuita mji wao "Bongo", yaani mahali ambapo mtu haishi asipotumia ubongo wake.

Hapa twaona aina mbili za majina. Liko jina litolewalo na mkubwa, na liko jina lizaliwalo vinywani mwa watu. Majina ya aina ya kwanza hufuata utawala. Tazama njia kuu ya mjini, yenye maduka na afisi. Wakati wa Wadachi iliitwa kwa jina la Kijeremani lenye maana ya "Chini ya Mikakaya". Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 ikaitwa Barabara ya Uhuru kwa Kiingereza, yaani Independence Avenue, na baadaye ikapewa jina la Samora Machel, kiongozi wa Msumbiji. Njia moja, majina manne, katika muda usiozidi umri wa mzee mmoja. Kadhalika mtaa ulioitwa Kichwele sasa ni Mtaa wa Uhuru. Hatusemi ya kuwa ni vibaya. Kila serikali hupenda kuwaheshimu watu wake na siku zake kuu. Twasema tu ya kuwa jina la namna hii hutueleza habari za aliyelitoa, wala halitufundishi habari za mahali penyewe.

Majina ya aina ya pili ni mengine kabisa. Hayakuandikwa kwanza katika karatasi. Mtu alimwelekeza mwenzake njia, akataja kitu kilichoonekana kwa macho, na neno likashika.

2. Majina ya miti

Vitu vilivyotajwa sana katika kuelekezana ni miti. Mbuyuni ni penye mbuyu, Mkwajuni ni penye mkwaju, Mikoroshini ni penye mikorosho, Mianzini ni penye mianzi, Mivinjeni ni penye mivinje, na Mwembechai ni penye mwembe, ambao jina lake limeunganishwa na chai. Iko pia Mnazi Mmoja, jina la uwanja mkubwa ulio katikati ya mji.

Msomaji ataona ya kuwa karibu yote hayo huishia kwa silabi -ni. Hiyo ndiyo alama ya mahali katika lugha yetu. Jina lenyewe halibadiliki: mbuyu hufanya mbuyuni, mvinje hufanya mvinjeni, mkwaju hufanya mkwajuni, kila moja likiishika irabu yake ya mwisho. Mikorosho peke yake, kwa kinywa cha wenyeji, imeigeuza -o kuwa -i, ikawa Mikoroshini. Na hili latuonyesha ya kuwa ulimi wa watu haungojei ruhusa ya mwalimu. Tena huo umoja na wingi si bure. Mbuyuni palisimama mbuyu mmoja ulioonekana mbali. Mikocheni palikuwa na mikoche mingi.

Majina hayo yakiingia katika sentensi huchukua viambishi vya mahali, vilivyo vitatu. Mtu asemapo "Mbuyuni pana duka", aonyesha mahali hasa panapojulikana. Asemapo "Mbuyuni kuna joto", asema habari za upande ule wote kwa jumla. Asemapo "Mbuyuni mna wezi", maana yake wamo ndani, kati ya nyumba na vichochoro. Vijana wa mjini hupenda kutumia ku- mahali pote, lakini wazee hutofautisha, na tofauti hiyo yafaa kuhifadhiwa shuleni.

Katika majina mengi hayo mti wenyewe haupo tena. Ulikatwa, nyumba zikajengwa, na jina likabaki kama alama ya mguu katika udongo uliokauka. Hata hivyo jina hilo lingali lasema juu ya ardhi, kama tutakavyoona mbele.

3. Majina ya watu na ya kazi

Wakati wa Wadachi, na zaidi wakati wa Waingereza, mji uligawanywa kwa rangi za watu. Wenyeji waliupokea mgawo huo na kuupa majina matatu ya Kiswahili: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uundaji wake ni mzuri kuutazama. Kwanza huwekwa u-, kama katika Uzungu na Uhindi, neno linaloonyesha nchi au hali ya watu hao. Kisha huongezwa -ni ya mahali. Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanda usiojengwa, na huo ndio Mnazi Mmoja. Mtu apumzikaye leo katika uwanja ule, penye mnara wa Mwenge wa Uhuru, amekaa juu ya mpaka wa zamani.

Sheria ya mgawo huo imekwisha, lakini neno moja halikufa. "Uswahilini" sasa si mahali pamoja. Ni kila mtaa ambamo nyumba zimesongamana, za vyumba sita na ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma, ambamo wapangaji hupika pamoja na jirani hujua mwenzake amelala na njaa au ameshiba. Wengine hulitumia neno hilo kwa dharau. Wengine husema kwa fahari, "Mimi ni mtoto wa Uswahilini," maana yake amelelewa na watu wengi.

Jina lililo maarufu kuliko yote ni Kariakoo. Wageni hudhani ni neno la Kizaramo. Sivyo. Katika Vita Kuu ya kwanza Waingereza walikusanya Waafrika wengi sana wawe wapagazi wa jeshi, na kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na wapagazi hao wakawekwa mahali ambapo Wadachi walikuwa wakijenga soko. Neno corps hutamkwa na Waingereza bila herufi zake mbili za mwisho, na ile r haisikiki. Na kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, sikio la Mswahili lilisikia karia-koo, na ikawa hivyo. Mji wa Nairobi nao una mtaa wenye jina la asili ile ile, Kariokor.

Jambo hili si la lugha peke yake. Wapagazi walibeba vyakula na risasi katika njia zisizopitika kwa gari. Walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Katika njia panda ya Samora imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, na maneno yake ya ukumbusho yameandikwa kwa lugha zaidi ya moja, Kiswahili kikiwamo. Lakini umbo lililochongwa ni la mtu mwenye bunduki. Mtu mwenye mzigo kichwani hayumo katika sanamu ile. Mpagazi amebaki katika jina la soko. Jengo la soko lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua mwezi wa Julai 2021. Mambo hayo yote yamepita, na kila anayekwenda kununua nyanya au kitambaa hutaja bila kujua jina la wale waliochukua mizigo. Twaona ni wajibu kuwaambia watoto.

4. Majina yanayozaliwa sasa

Mtu asidhani ya kuwa kazi hii ya kutoa majina ilikwisha zamani. Yaendelea kila siku katika vituo vya mabasi. Mabasi ya watu binafsi yaliyoruhusiwa mwaka 1983 yaliitwa daladala, kwa sababu nauli yake ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, neno lililotoka katika dola. Shilingi tano haimfikishi mtu popote leo, lakini gari ni daladala vile vile. Yule asimamaye kituoni akiita abiria kwa sauti ni mpigadebe, ijapokuwa hashiki debe lolote. Nayo mabasi makubwa yenye njia yao peke yao, yaliyoanza mwaka 2016, yana jina refu la serikali, yaani "mabasi yaendayo haraka". Watu wameyaita mwendokasi, nalo neno hili limeshinda.

Vituo navyo hupewa majina kwa kanuni ile ile ya kale, yaani kwa kile kilichoonekana. Penye kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China pakaitwa Urafiki. Penye nyumba ya zimamoto pakaitwa Faya. Penye kijiji cha maonyesho ya nyumba za makabila pakaitwa Makumbusho. Penye taa za kuongoza magari pakaitwa Ubungo Mataa, na mwaka 2021 zilifunguliwa hapo barabara za juu zenye jina lingine la heshima, walakini abiria aliye na haraka husema "Mataa, shusha." Basi taa ni mbuyu wa siku hizi.

5. Majina ya maji

Sasa twaja kwenye majina yaliyo na faida kubwa kupita yote, nayo ni yale yanayotaja maji. Mto mkubwa wa mji ni Msimbazi, utokao katika vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita katikati ya mitaa, ukaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Katika bonde lake la chini ndipo palipo Jangwani.

Wengi hushangaa kwa nini mahali panapojaa maji paitwe jangwa. Ni kwa sababu wanalijua neno hili kwa maana moja tu, ya nchi ya mchanga isiyo na mvua. Katika Kiswahili cha zamani jangwa ni uwanda wowote mtupu, usio na miti wala makao. Basi jina latuambia ya kuwa watu wa kale walipaona mahali hapo kuwa patupu, ingawa ni karibu na mji na ni tambarare. Mwenye busara atauliza kwa nini hawakujenga. Jibu lilikuja katika mvua za Desemba 2011. Mto ulifurika, makumi ya watu wakafa, na maelfu wakapoteza nyumba zao. Wengi wakapelekwa kukaa Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa pale pale Jangwani, na maji yakaifikia zaidi ya mara moja. Mradi wa bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022, umekusudia kuwahamisha watu na karakana, na kujenga daraja jipya. Ni gharama kubwa ya fedha, na kwa wanaohamishwa ni uchungu, kwa maana mtu hakai bondeni kwa kupenda mafuriko. Hukaa kwa kuwa pa karibu na kazi na kodi yake ni nafuu.

Mashabiki wa mpira nao hutaja mto huu bila kufikiri. Klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, huitwa ya watu wa Jangwani. Na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa ya Msimbazi, kwa jina la mtaa ulipo makao yake. Mahasimu hawa wawili wameligawana bonde moja. Na uwanja wa Kaunda, ulio wa Yanga hapo Jangwani, umekuwa ukijaa maji mpaka hauchezeki.

Yako majina mengine ya jinsi hii. Mtoni hapahitaji tafsiri. Kijitonyama lina neno kijito ndani yake. Huko Msasani pako mahali paitwapo Bonde la Mpunga, na kila mkulima ajua ya kuwa mpunga hautaki nchi kavu. Na hapa turudi kwenye miti. Mchikichini, kata ipakanayo na bonde la Msimbazi, yataja mchikichi, mti wa mawese, upendao udongo wenye unyevu. Mikocheni yataja mikoche, ambayo majani yake husukwa mikeka na vikapu, na ambayo hustawi penye maji yasiyo mbali chini ya ardhi. Leo Mikocheni ni mtaa wa nyumba nzuri za watu wenye mali, lakini mvua kubwa ikinyesha maji husimama barabarani na kuingia uani. Maji hayaulizi mwenye nyumba ni nani. Kama wahenga walivyosema, maji hufuata mkondo.

Basi mtu anunuaye kiwanja wakati wa kiangazi huona nchi kavu, imepimwa kwa kamba, na dalali amsifia ukaribu wa barabara. Dalali hatamweleza ya kuwa hapo palilimwa mpunga. Lakini jina litamweleza, kama lingali hai. Ndiyo sababu twahuzunika tuonapo majina ya zamani yakiachwa na kuwekwa mapya ya kupendeza, hasa ya Kiingereza, ili bei ipande. Jina likifutwa, onyo nalo limefutwa, na mnunuzi wa pili hana wa kumwonya.

6. La kufanya

Twapenda kuwashauri walimu wenzetu jambo lisilo na gharama. Kila mwanafunzi wa darasa la juu apewe kazi ya kwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wake, baada ya kumwamkia kwa adabu, amwulize maswali manne. La kwanza, mtaa huu uliitwaje kabla ya jina la sasa? La pili, jina hilo lataja kitu gani, na kitu hicho kilisimama wapi? La tatu, ni watu gani waliokaa hapa kwanza, na kazi yao ilikuwa nini? La nne, mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi?

Majibu yaandikwe katika daftari la shule, pamoja na mwaka. Wazee wawili wakipingana, yaandikwe maneno ya wote wawili, wala mwalimu asichague lililo tamu zaidi. Maana majina hupenda kuzungukwa na hadithi za kuchekesha, na hadithi nzuri si lazima iwe ya kweli. Jina lililo wazi, kama Bonde la Mpunga, litangulie. Lililo gumu lingoje ushahidi.

Kazi hii yafaa kufanywa mapema. Wazee waliouona mji ungali na mashamba kati ya mitaa wanapungua kila mwaka, na bonde litafunikwa kwa saruji kabla halijaulizwa habari zake. Kuuliza si ujinga. Mgeni ajaye Dar es Salaam kutafuta kazi na chumba cha kupanga, na aulize kwanza maana ya jina la mtaa aliopelekwa, kisha ndipo aulize kodi.